Jinsi ya kukabidhi barua na picha za zamani kwenye hifadhi ya nyaraka ya mkoa

Usianze kwa kubeba sanduku. Piga simu kwanza. Hifadhi haipokei kila kinacholetwa, na utaulizwa nyaraka ni za nani, zinahusu eneo gani na miaka gani, na zinajaza maboksi mangapi. Fomu ya maombi haina shida, ijaze uendelee.

Kinachokula muda ni umiliki. Maombi yangu yalikwama hapo, kwa kuwa ofisi niliyoiendea haikusema mapema kwamba barua za urithi ni mali ya warithi wote, si za yule aliyebaki na ufunguo wa kabati. Nilirudishwa kutafuta saini za ndugu wengine hati ya makabidhiano ikiwa tayari mezani. Kwa hiyo kaeni kikao mapema, mwandike ridhaa, kila mrithi asaini. Kwenye kikao hicho hicho amueni: mnatoa kabisa, au mnaweka amana? Mkitoa, nyaraka zinakuwa mali ya hifadhi. Mkiweka amana zinabaki zenu, ila hifadhi nyingi husita, maana zitagharamia kutunza mali inayoweza kudaiwa wakati wowote.

Hati ya makabidhiano isomeni mpaka nukta ya mwisho. Tafuteni kipengele cha vitu vitakavyoonekana havihitajiki: vitarudishwa kwenu au vitateketezwa? Kama hakimo, ombeni kiandikwe kabla ya kusaini. Kingine ni hakimiliki. Kuwa na barua mkononi hakukupi haki ya kuichapisha; haki hiyo ni ya aliyeiandika, kisha ya warithi wake, na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unailinda kwa angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Picha za studio nazo huenda haki yake ikawa ya mpigapicha. Andikeni kwamba mnatoa haki mlizo nazo tu. Barua zinazogusa siri za watu walio hai, ombeni zifungwe, na tarehe ya kufunguliwa itajwe.

Kuhusu maandalizi, tafadhali usipange upya. Fungu lililofungwa kamba liache lilivyo, kwa sababu mpangilio huo unaonyesha nani alimjibu nani. Bahasha usitupe: barua ikikosa tarehe, muhuri wa posta ndio utakaoitaja. Pini iliyoshika kutu ukiivuta inaondoka na kipande cha karatasi, waachie wataalamu. Selotepu usiiguse kabisa, gundi yake hunywewa na karatasi na kuacha doa la kahawia. Negativu, yaani filamu zilizosafishiwa picha, za kabla ya miaka ya 1950 zinaweza kuwa za nitrati, ambayo hushika moto upesi. Iarifu hifadhi kabla ya kuzisafirisha. Negativu zozote zinazonuka siki zitenge na nyingine, zimeanza kuoza.

Kazi inayostahili siku zako nyingi zaidi ni orodha ya picha. Kaa na wazee wangali na kumbukumbu, picha moja baada ya nyingine: huyu nani, wapi, mwaka gani, na nani amesema hivyo. Mkibishana, andika majibu yote mawili. Mtunza nyaraka anaweza kukadiria umri wa karatasi, lakini jina la mama aliyesimama wa tatu kutoka kushoto hana pa kulipata. Namba iandike nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu na kisafi, bila kukandamiza. Karatasi inayoteleza haishiki penseli. Hiyo itie kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, uandike namba juu ya bahasha kabla hujaitumbukiza.

Siku ya kukabidhi, hesabuni maboksi pamoja na mpokeaji, usiondoke bila stakabadhi yenye namba ya mapokezi. Omba pia nakala za kidijitali: dpi (nukta kwa inchi) 300 zinatosha kwa barua, picha ndogo omba 600. Nakala za hati wagawie warithi wote, kwani mtafiti akitaka ruhusa miaka ijayo, hifadhi itamtafuta mmoja wenu.