Mama analia jino, kumbe ni neva: kwa tulio mbali na Dodoma

Hela ya kung'oa jino tulituma mara mbili. Mama alipiga simu kutoka Nkuhungu, sauti imeshuka, akisema shavu la kulia linapigwa shoti, kama ameshika waya wa umeme uliochubuka. Sisi tulioko Leicester, Uingereza, tukasikia neno "jino" tu, tukatuma. Kliniki moja ya meno ikang'oa mawili mazima, na shoti ikabaki palepale.

Kwa hiyo kabla hujatuma chochote, mhoji mzazi wako vizuri. Je, maumivu huja ghafla na kukatika baada ya sekunde chache, bila kuzidi dakika mbili? Ni upande mmoja wa uso? Yanachokozwa na mambo madogo kama mswaki, maji ya kunawa, kutafuna au upepo? Akikubali yote, mfikirie neva ya tano ya kichwani, yenye matawi matatu yanayokwenda kwenye paji la uso, shavuni na kwenye taya la chini. Mara nyingi mshipa wa damu huigandamiza pale inapotokea kwenye ubongo. Ugonjwa huu, ambao madaktari huuita trigeminal neuralgia, huwapata zaidi wanawake, hasa waliovuka miaka 50. Kipandauso hakifanani nao, maana hicho hukaa saa nyingi. Na kama aliwahi kuugua mkanda wa jeshi usoni, akabaki na maumivu ya kuungua yasiyokatika, hilo ni jambo jingine, linalotibiwa zaidi kwa amitriptilini au gabapentini.

Panadol na diklofenaki haziigusi shoti hii. Dawa inayoanza ni kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tegretol, na ni dawa ya kifafa. Kwa watu wa Dodoma neno hilo lina uzito wake, kwa sababu mjini pale kifafa na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, hutajwa kwa pumzi moja. Mama alipoambiwa na muuza dawa kwamba ni vidonge vya kifafa, alivificha sandukuni chini ya kanga. "Mwanangu, mimi sijaanguka hata siku moja." Wiki mbili zikapita akiteseka na dawa anayo ndani. Mweleze mapema kwamba dawa hiyo hutuliza neva zinazofyatuka ovyo, ziwe za ubongoni au za usoni.

Kwa kawaida huanzia miligramu 100 mara mbili kwa siku, kisha daktari huipandisha polepole. Wengi hutulia wakiwa kati ya 600 na 1,200 kwa siku, zikiwa zimegawanywa. Mzee hupandishwa taratibu zaidi. Siku za mwanzo kuna kizunguzungu, usingizi na kuona vitu viwiliviwili, na hapo ndipo wazazi wengi huacha kimyakimya, nawe huko uliko unaambiwa "naendelea vizuri". Kuikatisha ghafla ni kosa, isipokuwa vipele vikitokea, hasa vikiambatana na homa au vidonda mdomoni. Hapo asimeze kidonge kingine, aende hospitali siku hiyohiyo.

Apimwe damu kabla ya kuanza na baadaye: chembe za damu, ini na sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu. Kama mama yako anameza dawa ya presha ya kukojoza, sodiamu inaweza kushuka zaidi, na mzee akaanza kuchanganyikiwa mkadhani ni uzee.

Kabamazepini pia hulifanya ini livunje dawa nyingine upesi. Inapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, za ARV na za uzazi wa mpango. Kubwa kwetu ni ALu, ile dawa ya mseto ya malaria, ambayo haitakiwi kutumiwa pamoja nayo. Hata wewe, kama ndiwe mgonjwa na unakwenda likizo nyumbani, litaje hilo mara tu ukikutwa na malaria. Na usichanganye matunda: lenye tatizo ni balungi, ambalo huipandisha dawa hii kwenye damu. Zabibu za Dodoma ale tu.

Kabamazepini ikimshinda, kuna oksikabazepini, baklofeni na lamotrijini. Zipo pia sindano za ganzi na za Botox, ambazo huwasaidia baadhi kwa muda. Gabapentini na pregabalini usizitie tu kwenye sanduku ukitoka Uingereza. Tangu 2019 ni dawa zinazodhibitiwa kisheria huko, na si halali kumpa mtu mwingine zilizoandikwa kwa jina lako.

Kwa uchunguzi, sisi tulianzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, tukaomba barua ya kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, kule Chuo Kikuu cha Dodoma. Apigwe MRI, na asicheleweshwe kama uso umekufa ganzi, maumivu yako pande zote mbili au mgonjwa bado kijana. Piga simu kwanza uulize siku ya kliniki ya mishipa ya fahamu, usije ukamlipia mzee bajaji ya bure.

Mengine ni ya nyumbani. Upepo wa Juni hadi Agosti ni adui, kwa hiyo mtandio ufunike shavu, na bodaboda tumempiga marufuku. Mswaki uwe laini, maji ya vuguvugu. Chakula hakikutupa shida, maana mlenda na ugali wa uwele hauhitaji meno! Dada ana daftari la shoti na vidonge, hutusomea kila Jumapili. Na Jumamosi, mama akitamani nyama ya mnada wa Msalato, kaka humletea, ikakatwa vipande vidogovidogo na kuchemshwa tena mpaka iwe mchuzi. Analalamika kwamba imeharibiwa, lakini sahani hairudi na kitu.