Umeteuliwa waziri wa fedha wa serikali ya wanafunzi? Bajeti inapangwa hivi

Hongera mheshimiwa. Najua saa hizi simu haipoi, mawaziri wenzako washaanza kukutumia maombi ya hela na bado hujaonyeshwa hata funguo za ofisi ziko wapi. Nilikalia hicho kiti mwaka mzima, chuo kimoja hapa Dar, na kuna mambo nilijifunza kwa kuumia kwahiyo nakuandikia wewe ili usipite nilipopita mimi. Likikutoka lingine lote, hili lisikutoke: bajeti panga kwa hela iliyoingia, usipange kwa hela iliyoandikwa kwenye karatasi.

Kabla hujafungua Excel tafuta katiba ya serikali yenu ya wanafunzi, soma sehemu ya fedha yote, usisimuliwe. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inatambua serikali za wanafunzi ila mambo ya ndani kila chuo kina yake, DARUSO ya UDSM sio UDOSO ya Dodoma na sio SUASO ya kule SUA Morogoro. Unachotafuta humo ni nani wanasaini hela ikitoka, bunge linapitisha bajeti kwa kura kiasi gani, na ukitaka kuhamisha hela toka kifungu kimoja kwenda kingine unaomba ruhusa kwa nani. Hilo la mwisho litakusumbua sana mbele ya safari, liandike kabisa kwenye daftari.

Haya sasa hela. Sehemu kubwa inatoka kwenye mchango wa serikali ya wanafunzi, ule mnaolipa kwa kontrol namba pamoja na michango mingine ya chuo. Watu wengi wanachukua idadi ya wanafunzi wanazidisha na mchango, wanapata namba nzuri wanaanza kuigawa. Tuseme mko 6,000 na mchango ni 10,000, inakuja milioni 60, ndo hapo watu wanapotea. Bodi ya Mikopo inalipa ada, chakula na malazi, vitabu na vitu vingine vya kitaaluma lakini ule mchango wenu mwanafunzi anautoa mfukoni mwake, na mwanafunzi anayesubiri bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) hawezi kuweka mchango mbele ya wali maharage. Anaulipa pale akiona bila kumaliza madeni hafanyi UE, mtihani wa mwisho wa semista. Maana yake hela inamiminika mwisho wa semista wakati matumizi makubwa yenu yako mwanzoni, kupokea mwaka wa kwanza, michezo, mikutano, kila kitu.

Kwahiyo fanya hivi, nenda ofisi ya uhasibu ya chuo na barua iliyopita kwa mlezi wa wanafunzi, omba takwimu za makusanyo za miaka miwili au mitatu nyuma, mwezi kwa mwezi. Watakuzungusha kidogo, rudi tena. Ukizipata utaona mwenyewe kwamba mfano mwaka jana kati ya ile milioni 60 iliingia 48 tu, basi 48 ndo bajeti yako. Toa asilimia 10 ya dharura, hiyo ni 4,800,000, iweke pembeni na usiiguse, inabaki 43,200,000. Hiyo igawe kwa semista, mimi ningeweka asilimia 60 ya kwanza na 40 ya pili, yaani 25,920,000 na 17,280,000. Na hiyo ya semista ya kwanza usiahidi yote kwa mkupuo, ahidi kadri inavyoingia.

Maombi ya wizara. Usikubali mtu akuletee namba moja nzima nzima, "michezo milioni nane". Mpe jedwali lenye kitu, idadi, bei ya kimoja, tarehe kinapohitajika na watafaidika wangapi, na kitu chochote cha bei kubwa aambatanishe proforma (karatasi za bei) tatu za maduka tofauti. Nakupa mfano. Kwangu yaliletwa maombi ya jezi, seti 40 kwa 35,000 moja, proforma zote tatu zipo na mihuri yake. Siku hiyo nilikuwa sina kipindi jioni nikapanda daladala mpaka Kariakoo, nikaingia Mtaa wa Kongo nikauliza jezi ya aina ile ile kitambaa kile kile, duka la kwanza 20,000, la pili 18,000 na maandishi mgongoni juu. Zile proforma tatu nilipoziangalia vizuri usiku, mwandiko ni mmoja, ile 7 yenye kamstari katikati iko kwenye zote tatu. Sikumpigia kelele mtu, niliingia na bei ya 18,000 kwenye baraza la mawaziri nikasema hii ndo tutakayopitisha. Tofauti ilikuwa 680,000, hela ya kumlipa mkalimani wa lugha ya alama mikutano mingi tu. Kwahiyo nenda dukani wewe mwenyewe, nauli yake haizidi hasara.

Kwenye kugawa sasa, usianze na wizara yenye kelele. Anza na vitu ambavyo vikikosa hela kuna mwanafunzi anaumia. Kwangu mimi ni wenye mahitaji maalum kwanza (mkalimani, kuchapa notsi kwa maandishi makubwa, usafiri wa mwenye kiti cha magurudumu siku kipindi kikihamishwa), halafu mfuko wa ustawi, halafu mambo ya taaluma na uwakilishi, halafu uchaguzi wa mwakani ambao kila mtu anausahau mpaka karatasi za kura zikosekane. Ofisi inafuata, wino, karatasi, vocha. Michezo na burudani baada ya hapo, na michezo sio anasa, timu ikienda mashindano ya TUSA, yale ya michezo ya vyuo vikuu, inabeba jina la chuo, ila basi na malazi vinajulikana mapema kwahiyo viandikwe mapema.

Mfuko wa ustawi niache niongee kidogo. Mwaka wangu tuliuandikia hela nzuri tu kwenye karatasi, lakini usiku wa kukaribisha mwaka wa kwanza ulizidi bajeti, muziki uliongezeka bei, jukwaa likabadilishwa dakika ya mwisho, tukaazima toka ustawi tukijua tutarudisha. Hatukurudisha. Mwezi wa nne akaja binti wa mwaka wa pili ofisini, amefiwa na baba yake Kigoma, amesimama mlangoni na begi mgongoni kabisa anaomba nauli tu ya kwenda. Kwenye kifungu palikuwa na 12,000. Tulichangishana pale pale, CR wake (mwakilishi wa darasa) akazunguka hosteli na kofia, alisafiri kesho yake jioni akakuta wameshazika. Sijawahi kuisahau ile kofia. Ndo maana nakwambia hela ya ustawi omba iwekwe kwenye kifungu ambacho hakihamishiki hata Rais wenu akisaini, bunge lipitishe kwa maandishi.

Posho za viongozi: zijadiliwe wazi na ziwe na kikomo. Mimi naona zikizidi sehemu ya kumi ya bajeti mmekosea, mtu kalipa mchango wake kwa kujinyima chai hawezi kukuelewa.

Ukimaliza rasimu pita kwa baraza la mawaziri, halafu kamati ya fedha ya bunge, halafu bunge lenyewe, na mwisho utawala wa chuo kwa mlezi. Kosa la wengi ni kuwapa wabunge vitabu vya bajeti siku ile ile ya kikao. Wape wiki nzima, tuma kwenye magrupu ya WhatsApp ya ma-CR pia, maswali yatakuja mapema na utajibu ukiwa umetulia. Siku ya kikao beba laptop, beba takwimu za makusanyo zilizochapwa, na kila mbunge akisema ongezeni hapa mwulize kwa heshima, mheshimiwa tupunguze wapi? Usikubali nyongeza isiyo na punguzo. Kikao chetu kiliisha saa saba usiku, watu wana test asubuhi, na nusu ya muda uliliwa na swali moja tu la maji ya kunywa ya wabunge, sasa wewe panga ajenda mambo makubwa yaanze watu wakiwa na akili bado.

Ikishapita kazi ndo inaanza. Hela ikitoka inatoka kama masurufu, yaani hela unayopewa kabla ukaitolee hesabu baadaye, kwa jina la mtu mmoja, anasaini, anapewa siku za kurudisha hesabu na risiti za EFD (mashine ya risiti ya TRA), sio zile za kuandikwa kwa mkono kwenye kitabu cha dukani. Asiyerudisha hesabu hapewi nyingine, awe waziri awe nani. Wapo watakaonuna. Vitu vya boda na mama ntilie ambavyo havina EFD tengeneza fomu ya malipo madogo, aliyepokea aandike jina, namba ya simu na asaini, na weka kikomo, mfano isizidi 20,000 kwa siku.

Kila mwisho wa mwezi bandika ukurasa mmoja kwenye mbao za matangazo na kwenye magrupu, safu tatu tu: tulipanga, tumetumia, imebaki. Mwezi wa kwanza nilipobandika watu walikuja ofisini na maswali makali kwelikweli, mwezi wa tatu wengine wakaanza kuniletea bei za maduka waliyoyajua wao.

Na ripoti ya kukabidhi ofisi iandike mapema, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, kabla watu hawajatawanyika kwenda filidi (mafunzo kwa vitendo). Orodha ya madeni na namba za wanaodai, salio la akaunti likiwa na muhuri wa uhasibu, masurufu ambayo hayajarudishwa na majina yake, na ile Excel yenye makusanyo ya mwezi kwa mwezi. Mimi nilikabidhiwa bahasha tupu na deni la mwenye mahema. Ile Excel mtumie anayekuja kwenye imeili na nakala moja muachie mlezi.