Kabla hujaunganisha adapta kwenye zao la PCR: mambo ya kuzingatia

Kwa tunaofanya kazi hii Pemba, ligesi (kimeng'enya kinachounga DNA) na adapta (vipande vifupi vya DNA vya kuunga kwenye ncha za DNA unayotaka kusoma) ni vitu vya kuagiza mbali na kuvushwa bahari vikiwa kwenye barafu. Usivitoe kwenye friza mpaka DNA yako iwe tayari kweli.

Anza na ncha, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Ligesi haiungi mahali pasipo na fosfati upande wa 5' (mwanzo wa uzi wa DNA), na praima za kawaida (vipande vifupi vinavyoanzisha unakili wa DNA) huja bila fosfati. Zao la PCR, yaani DNA iliyonakiliwa mara nyingi, nalo hutoka bila fosfati, hata kama mstari wake kwenye jeli umekoza. Halafu jua umetumia polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) gani: Taq huacha herufi A moja ya ziada upande wa 3' (mwisho wa uzi), Q5 na Phusion huacha ncha butu, isiyo na herufi inayochomoza. Adapta yenye herufi T inayochomoza inaitaka hiyo A ili zishikane. Kwa hivyo hatua ya kutengeneza ncha, yaani kutia fosfati na A, hairukwi. Mwenzako akikwambia PCR imetoka safi hivyo haina haja, usimfuate.

Usafishaji nao unataka utulivu. Shanga za sumaku, ambazo DNA hushikamana nazo, zikae nje ya friji nusu saa, kisha zitikise mpaka rangi ya kahawia iwe sawa chupa nzima. Ukitia ujazo wa 0.8 wa shanga kwa 1 wa sampuli, praima na vipande vifupi huondoka na maji. Ethanoli ya asilimia 80 ichanganywe siku hiyo hiyo. Kwa joto letu ikikaa wazi hupungua nguvu, maji yakazidi, na DNA ikamwagwa pamoja nayo. Wakati wa kukausha zima feni, zitazame shanga: zikiacha kung'aa, zinatosha. Zikipasuka nyufa, DNA haitoki kirahisi. Itoe kwa bafa ya Tris, si TE (Tris yenye EDTA), kwani EDTA hushika magnesiamu ambayo ligesi inaihitaji.

Pima DNA kwa Qubit, kifaa kinachotumia rangi inayoshika DNA ya nyuzi mbili. Nanodrop, kinachopima kwa mwanga tu, huhesabu hata praima zilizobaki. Na hesabu molekuli, si uzito tu: fmol 100 (fmol hupima idadi ya molekuli) za kipande cha herufi 1000 ni kama ng (nanogramu) 65, lakini cha herufi 500 ni kama ng 32.

Umeme wetu unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, kwa hivyo mashine ya PCR iwe na betri ya akiba. Bafa ya ligesi ina ATP, chanzo cha nishati ya ligesi, inayoharibika ikigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Igawe kwenye vichupa vidogo siku ile ile unayoifungua.