Kiunzi cha kolajeni kinachokunjika: punguza EDC

Sponji ya kolajeni (protini ya nyuzi za ngozi na kano) iliyokaushwa tu, bila nyuzi zake kufungwa kikemikali, hudanganya. Ikiwa kavu inasimama vizuri, lakini itie kwenye maji ya kukuzia seli uone: inalala kama mkate uliolowa chai. Wengi wakiona hivyo humwaga EDC, kemikali ya kufungia nyuzi, hadi sponji inakuwa kadibodi. Hapa tunatafuta kiunzi cha ngozi, yaani sponji ya kukuzia seli za ngozi, kinachobonyea na kurudi.

1. Uji. Pima gramu 1 ya kolajeni aina ya I ya kano za ng'ombe, itie kwenye mililita 100 za asidi ya asetiki ya 0.05 M. Iache ivimbe usiku kucha kwenye friji ya digrii 4, kisha isage chombo kikiwa ndani ya barafu. Barafu si pambo. Siku moja niliona uvivu kuibadilisha ilipoyeyuka. Uji ulitoka mwororo, nikajisifu, na sponji zake zote zikayeyukia majini. Umewahi kuona supu ya makongoro ikipoa na kuganda? Ile ni kolajeni iliyopikwa ikawa jelatini, na ndicho nilichokuwa nimetengeneza. Ukimaliza kusaga, zungusha kwenye sentrifuji kutoa mapovu.

2. Kugandisha na kukausha. Mimina uji kwenye kalibu ya kuupa umbo, shusha joto polepole, digrii 1 kwa dakika hadi −40, halafu kausha kwa vakyumu. Ukigandisha ghafla, chembe za barafu zinakuwa ndogo, na matundu yatakayobaki ni madogo vilevile.

3. Kufunga. Glutaraldehaidi, kemikali nyingine ya kufungia, inafunga imara, lakini masalia yake ni sumu kwa seli na kiunzi kinageuka njano. EDC haibaki ndani: inaunganisha kaboksili (kikundi cha asidi) ya uzi mmoja na amini (kikundi chenye nitrojeni) ya lisini, mojawapo ya asidi amino, kwenye uzi jirani, kisha inatoka na maji ikiwa aina ya yurea.

Tatizo ni kwamba kaboksili hizo hazikukaa bure. Integrini, protini ambazo seli hushikia, hushika kolajeni kwenye vipande kama GFOGER (kila herufi ni asidi amino, ila O ni haidroksiprolini), na hiyo E ni asidi ya glutamiki, yenye kaboksili ileile ambayo EDC inaila. Kwa hiyo kila unapokaza, unaongeza ugumu na papo hapo unazinyima seli mahali pa kushika.

Kipimo kilichozoeleka ni moli 5 za EDC na 2 za NHS, kemikali inayoisaidia EDC, kwa kila moli 1 ya kaboksili. Kwa sponji ya miligramu 100, hiyo ni kama miligramu 115 za EDC na 28 za NHS. Mimi huanza na khumusi (moja ya tano) yake: 23 na 5.5 hivi.

Loweka sponji nusu saa kwenye bafa (maji ya kudhibiti pH) ya MES ya 50 mM, pH 5.5, yenye ethanoli asilimia 40. Ethanoli inasaidia matundu yasijifunge. Kisha ihamishie kwenye mililita 40 za bafa hiyohiyo mpya, ambayo umetia EDC na NHS muda huohuo, uiache saa 4. Usitumie bafa ya Tris, maana ina amini zake nayo itaingilia. Chupa ya EDC ikitoka kwenye friza, isubiri ifikie joto la chumba ndipo uifungue. Ukiharakisha, unyevu wa hewa unaingia na unga unakufa kidogo kidogo. Vaa glavu pia, EDC huleta mzio wa ngozi.

4. Kuosha. Osha kwa Na2HPO4 (chumvi ya fosfeti) ya 0.1 M, saa moja mara mbili, kisha maji safi mara sita, nusu saa kila mara. Gandisha na ukaushe tena.

5. Kupima. Vipimo vya maabara vipo, kama TNBS ya kuhesabu amini zilizobaki, lakini anza na kibano. Lowesha kipande, kibonyeze hadi nusu ya unene, achia. Kizuri kinanyonya maji yake tena na kuinuka mbele ya macho yako. Kikibaki kimelala, panda hadi theluthi ya kipimo kilichozoeleka. Kikikataa kubonyea, shuka hadi sehemu moja ya kumi, na usiguse kitu kingine chochote katika mzunguko huo, ama sivyo hutajua kilichobadilisha matokeo.