Makosa ya mitandaoni yanayowafukuza wateja wa Mwanza, na namna ya kuyaepuka

Mteja wa biashara ya Mwanza mara nyingi hayupo Mwanza. Yuko Nansio, Sengerema, Geita, Kahama au hata Dodoma, na kabla hajapanda basi au meli, au kabla hajatuma fedha kwa simu, hufungua ukurasa wa muuzaji wa Instagram au Facebook, au hutazama stetasi yake ya WhatsApp, akitaka kujua mambo matatu: kitu hicho ni bei gani, kinapatikana wapi, na akiuliza atajibiwa na nani. Makosa mengi ambayo wafanyabiashara huyafanya mitandaoni, hata yale yanayoonekana kuwa ya kitaalamu, huishia kumnyima mtu huyu mojawapo ya majibu hayo.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuficha bei. Maneno "bei njoo inboksi" yameenea kiasi kwamba wengi huyaandika bila kujiuliza yanawasaidia nini. Wanaoyatetea hutoa sababu tatu: kwamba washindani wataiona bei, kwamba bei hubadilika, na kwamba ni vizuri kumsikiliza mteja kwanza. Sababu ya kwanza haina uzito, kwani yeyote anayeuza samaki katika soko la Mwaloni, Kirumba, anafahamu kuwa bei ya asubuhi huenea soko zima kabla jua halijapanda. Sababu ya tatu ndiyo inayomtia mteja shaka, kwa kuwa akiona bei imefichwa hudhani kwamba atapangiwa bei kulingana na picha yake ya wasifu na namna anavyoandika, na mara nyingine dhana hiyo ni sahihi.

Sababu ya pili ina ukweli ndani yake, hivyo inahitaji utaratibu. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi mzigo hupungua na bei hupanda, na siku za giza mzigo huongezeka na bei hushuka. Bei ya namna hiyo haiwezi kuandikwa mara moja ikakaa mwaka mzima, lakini inaweza kuandikwa pamoja na tarehe yake. Tangazo zuri la dagaa litaje bei ya siku hiyo, kipimo kinachotumika, aina ya dagaa, kiasi ambacho mtu akinunua atauziwa kwa bei ya jumla, na siku ambayo bei hiyo itakoma kutumika. Kipimo kisiachwe hewani: kama unauza kwa gunia au kwa debe, taja pia uzito wake kwa kilo, kwa sababu mnunuzi aliye Dodoma hawezi kuliona gunia lako. Bei ikibadilika, hariri tangazo la zamani au lifute, kwa kuwa tangazo la mwezi uliopita lenye bei ya chini ni chanzo cha ugomvi usio wa lazima. Fundi wa samani au mshonaji, ambaye kila kazi yake ina gharama yake, anaweza kuandika bei ya kuanzia na kueleza ni vitu gani huiongeza, kama vile aina ya mbao au kitambaa.

Baada ya bei huja mahali. "Tupo Mwanza mjini" ni maelezo yasiyomfikisha mtu popote. Andika mtaa, alama inayojulikana na watu wote, upande wa barabara na rangi ya mlango ikibidi; mteja anayetoka Ukerewe anaweza kulijua eneo la Makoroboi au Mlango Mmoja bila kulijua jina la jengo lako. Weka pia alama ya mahali kwenye ramani ya simu, kisha uende mwenyewe ukahakikishe kuwa inaelekeza dukani, wala si katikati ya barabara. Kama unatuma mizigo kwa mabasi, eleza kama unaikabidhi stendi ya Nyegezi au ya Nyamhongolo, nani hulipa nauli ya mzigo, na mteja atapewa nini cha kuthibitisha kwamba mzigo umepakiwa. Maelezo haya huzeeka, nalo ni jambo ambalo wengi hulisahau. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na tangu hapo gari linalokwenda Sengerema au Geita kwa njia hiyo halilazimiki tena kusubiri kivuko. Kwa hiyo, ukurasa ambao bado unawatahadharisha wateja kuhusu ucheleweshaji wa kivuko cha Busisi unawaambia kwamba hakuna anayeuangalia.

Kuhusu picha, kanuni ni moja tu: piga picha ya bidhaa yako mwenyewe, mchana, karibu na mlango au nje, bila kuipaka rangi kwa programu za simu. Kuazima picha ya samaki kutoka intaneti ni kujiumbua mbele ya watu wa Kanda ya Ziwa, ambao humtofautisha sato na sangara tangu utotoni na watatambua mara moja kwamba samaki uliyemweka hajawahi kuogelea katika ziwa hili. Picha halisi, kwa upande mwingine, huweza kueleza jambo ambalo maneno hayalielezi vizuri. Muuzaji wa dagaa walioanikwa kwenye chanja, badala ya mchangani, apige picha ya chanja zenyewe, kwa sababu mnunuzi aliyewahi kutafuna mchanga hatahitaji maelezo zaidi.

WhatsApp ndiyo duka halisi la wafanyabiashara wengi, nayo ina makosa yake. Tumia programu ya WhatsApp Business, ambayo hupakuliwa bila malipo na ina sehemu ya kuorodhesha bidhaa na bei, saa za kazi, na majibu yaliyoandaliwa mapema. Namba binafsi inayochanganya oda za wateja na picha za harusi humfanya mteja asijue anaongea na nani. Kumbuka kwamba stetasi hutoweka baada ya saa 24, hivyo bei iliyowekwa huko pekee haitamsaidia mtu atakayeihitaji wiki ijayo. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi, ambayo kwa kawaida huchukua watu 256, huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako katika simu zao. Kwa hiyo, mteja anaponunua kwa mara ya kwanza, mwombe aihifadhi. Usimwingize mtu katika kundi la matangazo bila kumwuliza. Atajitoa, na huenda akakuzuia kabisa.

Lipo kosa jingine ambalo watu hulifanya kwa nia njema: kuchapisha picha ya muamala wa simu ili kuthibitisha kwamba wateja wanalipa na kuridhika. Picha hiyo aghalabu huonyesha jina kamili la mteja, namba yake na kiasi alicholipa, na hizo ni taarifa zake, si zako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na muuzaji mdogo asidhani kwamba inayahusu makampuni makubwa peke yake. Ukitaka ushuhuda, mwombe mteja ruhusa, kisha ufunike jina na namba kabla ya kuchapisha. Vivyo hivyo kwa picha za wateja ndani ya saluni au mgahawa, na zaidi sana kwa picha za watoto.

Malalamiko yanapoandikwa hadharani, kuyafuta ni kosa na kugombana ni kosa kubwa zaidi, kwani wasomaji wa mabishano hayo ni wengi kuliko wale wanaobishana. Jibu palepale kwa maneno machache, kwa mfano: "Pole sana, dada. Tunaomba utuandikie tarehe uliyopokea mzigo, tutakupigia leo." Yaliyobaki myamalize kwa simu, kisha urudi uandike jinsi suala lilivyokwisha. Matusi yafute bila maelezo.

Kununua wafuasi hakuna faida yoyote, kwa kuwa watu wa kununuliwa hawanunui samaki.

Mwisho, hakikisha kwamba akaunti ni ya biashara kweli. Kurasa nyingi hufunguliwa na mpwa au kijana wa dukani kwa namba yake ya simu na barua pepe yake. Siku anapoondoka, huondoka na wateja wote. Isajili akaunti kwa namba iliyo katika mikono ya mwenye biashara, laini hiyo iendelee kutumika ili isifungwe, na uthibitisho wa hatua mbili, yaani kinga inayodai namba ya ziada kabla mtu hajaingia, uwashwe katika WhatsApp, Instagram na Facebook. Ujumbe wenye namba za uthibitisho asipewe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu. Tena, kwa kuwa matapeli hufungua kurasa zinazofanana na za wengine na kuomba malipo, weka lipa namba yako mahali pa kudumu kwenye ukurasa, pamoja na jina linalotokea mteja anapolipa, na uandike wazi kwamba jina jingine likitokea asitume fedha, apige simu dukani kwanza.