Kabla hujaenda Ngong Hills, fikiria vile utashuka

Watu wakipanga kuenda Ngong Hills wanawaza pumzi tu, na siwalaumu, kilele kiko karibu mita 2,460 na milima yenyewe ni saba mpaka utokee Kona Baridi, kule mwisho wa milima. Lakini goti haliumizwi sana na kupanda, ni kushuka. Binamu yangu alienda Jumamosi bila mazoezi yoyote, Jumatatu nikamkuta kwa ngazi za fleti anashuka upande upande kama kaa, amekamata chuma na mikono yote miwili.

Ukishuka, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki zako. Inakaza huku inavutwa irefuke, na hiyo kazi ndiyo inaichosha haraka, alafu yale maumivu yanakuja kesho na keshokutwa. Hayo yataisha. Shida ni breki zikiisha ukiwa bado mlimani, manake sasa kila hatua inagonga goti moja kwa moja, na ndani ya goti kuna gegedu, ile kitu nyeupe inateleza unaona mwisho wa mfupa wa paja la kuku. Ni milimita chache tu, haina mishipa ya damu wala ya fahamu, kwa hivyo yenyewe haiwezi kulia, ukisikia uchungu wa goti jua unatoka kwa mfupa ulio chini yake ama sehemu zingine zinazoizunguka. Chakula inapata kwa ute wa kiungo, kama sponji ya kuosha vyombo, ukiibonyeza maji yanatoka, ukiiachilia yanarudi. Ndio maana wewe unayekaa ofisini Upper Hill Jumatatu hadi Ijumaa, inuka utembee kila saa, tafadhali.

Basi anza mapema, wiki sita hivi. Achana na lifti, na ukishuka ngazi shuka polepole. Simama kwa ngazi moja na mguu mmoja, teremsha ule mwingine ukihesabu moja mbili tatu mpaka kisigino kiguse chini, na uangalie pia ya goti, ule mfupa wa mviringo mbele ya goti: ikiingia ndani kuelekea goti lingine, huenda misuli ya makalio bado ni dhaifu, fanyia hiyo kazi kwanza. Usiongeze kwa pupa pia, misuli inapata nguvu kwa wiki kadhaa lakini gegedu inabadilika polepole sana, kwa hivyo tembea msitu wa Karura mara kadhaa kabla ya milima saba.

Goti likivimba, likikwama ama likikuachilia ghafla, usiende, ona fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwanza.

Begi iwe nyepesi, ila maji usipunguze. Viatu viwe na meno, kata kucha za vidole vya miguu, na beba fimbo, hata mbili, zinapunguzia goti mzigo kweli.

Siku yenyewe piga hatua fupi kwa mteremko na goti liwe limekunjika kidogo, usilinyoshe kabisa. Paja likianza kutetemeka ukiwa umesimama tu, hizo ni breki zinaisha, kaa chini kwa nyasi dakika kumi, hata kama wenzako wote washafika kwa matatu wanakuita.