Fungu la kumi hutoka kwenye faida, si kwenye mauzo

Mwenye butike pale Kadutu, Bukavu, akiuza dola 200 kwa juma, asikimbilie kutoa 20. Aondoe kwanza bei ya kununulia mali, tuseme 160, kisha kodi ya nyumba, usafiri, mshahara wa msaidizi na ushuru wa soko, jumla 25. Faida ni 15; fungu la kumi ni dola moja na nusu. Akitoa 20 amekula mtaji dola 5, na rafu zitaanza kubaki wazi (wengine huita hiyo imani!).

Ndugu na majirani wanaoomba msaada, wawekewe bahasha ya pembeni, mfano dola 2. Ikiisha, wangojee juma lijalo. Na mali iliyochukuliwa kwa deni isigeuzwe sadaka baadaye: daftarini andika mapema, zawadi au deni, pamoja na tarehe.